Dude Lililokula Chumvi

Wanangu, palikuwa na dude lililokula chumvi. Chumvi ya mezani lilikuwa likiipenda, lakini utamu wake hasa ulikuwa katika ile iliyo mwilini mwa binadamu. Likimpata mtu peke yake lilimwekea vidole usoni, vidole virefu vyenye vinyonyeo, na kufumba na kufumbua chumvi yote imemtoka, amebaki maiti mwenye alama nyekundu za mviringo mashavuni. Wala halikuja kwa sura yake. Lilimwingia mtu akilini likaona anamtamani nani, kisha likavaa sura hiyo. Wanaume 3 walikutana nalo kwa pamoja, na kila mmoja akaona mwanamke wake: wa kwanza akamwona kijana mbichi aliyempenda zamani, wa pili akaona mama wa makamo aliyeanza kuota mvi, wa tatu akaona msichana mwingine kabisa aliyewahi kukutana naye safarini.

Najua mnachofikiri. Mnadhani ni jini, na kwamba kisa hiki nilikirithi kwa bibi yangu. Bibi yangu alikuwa na majini yake, tena mengi, na siku nyingine nitawatolea. Hili la chumvi lilitoka Marekani, likaingia kwetu Mambrui ndani ya begi la baharia, na mimi nililiona kwa macho yangu nikiwa nimekaa mchangani, miguu imekufa ganzi, mdomoni nina kachri.

Tamthilia yenyewe inaitwa Star Trek. Ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni huko Marekani tarehe 8 Septemba 1966, na sehemu ya kwanza kabisa kurushwa hewani ndiyo hiyo ya dude la chumvi. Ilikwenda misimu 3, sehemu 79, kisha wenye stesheni wakaifunga wakisema watazamaji hawatoshi. Marudio yake yakazunguka dunia nzima na kupata watu wengi kuliko mara ya kwanza. Filamu zikafuata, na mwaka 1987 ikazaliwa tamthilia mpya ya ukoo huo huo, nayo ikazaa nyingine. Mpaka leo ukoo huo haujakatika. Nikiwaambia wajukuu zangu kwamba nilimjua Spock wa tamthilia hiyo kabla baba yao hajazaliwa, wananitazama kana kwamba nadai nilisafiri na Vasco da Gama.

Sisi hatukuipata kwa njia ya hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi nzima ilikuwa na stesheni moja tu ya televisheni, Voice of Kenya, na kwa wachache wa Mambrui waliokuwa na seti, chenga zilikuwa nyingi kuliko picha. Sisi tuliipata kwa kanda. Mjomba wangu, nduguye mama, alikuwa baharia kwenye matagi ya Abu Dhabi. Kila likizo alirudi na blanketi zito ambalo joto letu halilihitaji, manukato ya akina mama, redio kaseti, na mwaka mmoja akaja na deki ya vidio pamoja na kanda alizorekodi mwenyewe kutoka televisheni ya huko Ghuba. Mchezo wa Kiingereza, maandishi ya Kiarabu chini.

Deki bila stima ni pambo la kabati. Kwa hiyo mjomba akapatana na mwenye banda la vidio. Banda lenyewe lilikuwa la makuti, kuta za udongo, na nyuma yake jenereta iliyopiga kelele mpaka mwadhini akalalamika. Siku nyingi palionyeshwa karate, na Jumapili picha ya Kihindi. Kiingilio kilikuwa shilingi moja. Asiye na shilingi aliingia kwa nazi 2, na asiye na nazi alichungulia kwenye tundu mpaka afukuzwe. Kanda za mjomba zilipata siku ya Jumatano, siku ambayo biashara ilikuwa imelala, na mwenye banda alitangaza kwa sauti ya kukata tamaa kwamba leo ni "picha ya jahazi la angani".

Sasa niwaeleze ilivyokuwa ndani, maana nyinyi mnatazama mambo haya kitandani, kila mtu na simu yake. Televisheni iliwekwa juu ya meza ndefu, imefunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono, na kitambaa hicho kilikunjwa kwa taadhima. Ilikuwa nyeusi na nyeupe. Zile alama nyekundu nilizowatajia, kwetu zilikuwa za kijivu. Nilikuja kuzijua rangi zake ukubwani. Sisi watoto tulikaa mbele chini, watu wazima nyuma kwenye mabenchi, na kando ya meza alisimama kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne Malindi na kuokota Kiingereza zaidi kwa watalii. Huyo ndiye aliyekuwa mfasiri wetu. Alishika kijiti, akawa anamgusa usoni mhusika anayesema, halafu anatuambia amesema nini.

Kwa jinsi jenereta ilivyounguruma, sidhani kama hata yeye alisikia nusu ya maneno. Hilo halikumzuia. Nahodha Kirk akifungua mdomo kidogo, mfasiri wetu anatoa hotuba. Chombo chao kinachoitwa Enterprise alikiita jahazi, na jahazi lazima liwe na nahodha, serahangi na mabaharia, kwa hiyo kila mtu akapewa cheo tunachokijua. Spock, yule mwenye masikio yaliyochongoka ambaye hacheki wala hakasiriki, aliitwa Masikio. Daktari McCoy alikuwa Daktari tu. Walipoingia kwenye kile chumba cha kuyeyuka wakatokea chini kwenye sayari nyingine, mfasiri alisema, "Wamesoma!" nasi tukaelewa mara moja kwamba ni kisomo. Baadaye nilijua kwa nini watengenezaji walibuni kuyeyuka huko: hawakuwa na pesa za kuonyesha chombo kikitua kila wiki. Ufukara wao ndio uliozaa kitu ambacho watu wanakikumbuka kuliko chochote.

Sisi watoto wa chuo nasi tulikuwa na kazi yetu. Maandishi ya Kiarabu tuliweza kuyasoma, kwa taabu, kwa sababu hayakuwa na irabu na yalipita mbio. Maana hatukuijua, lakini tulidaka neno hapa na neno pale: samaa, ardh, najm, maneno tuliyoyazoea kwenye juzuu ya Amma. Kila tulipolidaka moja tulilitamka kwa sauti, banda zima likasikia. Mfasiri alichukia sana jambo hilo, kwa kuwa lilionyesha kuna msaada mwingine zaidi ya wake.

Basi, usiku wa dude la chumvi. Nyuma ya kiti cha nahodha alikaa mwanamke mweusi, kifaa sikioni, anapokea habari za angani na kuzipeleka. Tulikuwa tumeshamzoea. Dude likapenya ndani ya chombo likiwa na sura ya baharia mmoja, likawa linazungukazunguka kwenye ujia likitafuta wa kumla. Likakutana na yule mwanamke. Likamsoma moyo, likaona ni mpweke, likageuka kuwa mwanamume mweusi, mrefu, mtanashati. Likafungua mdomo likamsemesha kwa Kiswahili.

Banda likanyamaza. Jenereta tu.

Kisha mama mmoja nyuma akauliza, "Kasema nini huyu?" Na hapo kila mtu akalipuka. Rudisha! Rudisha! Mwenye banda hakupenda kurudisha kanda, alisema kunakula kichwa cha deki, lakini siku hiyo hakuwa na la kufanya. Akarudisha. Tukasikia tena, na bado hatukuelewa vizuri, maana Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kuombea maji, na lafudhi imepinda. Yule mwanamke naye akamjibu kwa Kiswahili cha namna hiyo hiyo. Wengine wakasema mwanamume ni Mngazija. Mzee mmoja, mtu wa heshima zake, akatoa hukumu kwamba huyo ni mtu wa Bara, na mjadala ukaisha. Mfasiri wetu alisimama na kijiti chake hajui akiweke wapi. Kwa mara ya kwanza waigizaji walikuwa wanasema lugha yetu, na yeye hakuwa na la kutueleza.

Kabla dude halijamgusa, mwanamke akaitwa kazini, akaponea chupuchupu.

Jina lake ni Uhura. Mwigizaji aliyemcheza, Nichelle Nichols, alikuwa Mmarekani wa Illinois, na alisimulia mwenyewe kwamba siku aliyokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa amebeba kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, riwaya inayohusu Kenya. Yeye na mbunifu wa tamthilia, Gene Roddenberry, wakalichukua jina hilo na kulipinda mwisho kidogo. Mwaka 1966 Kenya ilikuwa na miaka 3 tu tangu ijitawale. Katika sehemu nyingine, iliyoonyeshwa tarehe 29 Septemba 1967, mtambo mmoja wa angani unamfuta Uhura akili yote, akabaki wa kufundishwa kusoma upya. Anasoma Kiingereza cha mtoto wa darasa la kwanza, anakwama, anakasirika, na kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Muuguzi anamwambia arudi kwenye Kiingereza. Kanda ya sehemu hiyo tulikuwa nayo, na pale kwenye banda letu yule muuguzi alizomewa.

Nichols alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, akarudi kwenye jukwaa la nyimbo na michezo. Alieleza mara nyingi kwamba katika hafla moja alikutana na Martin Luther King, naye akamwambia yeye ni mpenzi mkubwa wa tamthilia hiyo na kwamba asiondoke, kwa sababu pale alipokaa watu weusi walikuwa wanaonekana kama wanavyopaswa kuonekana, wakifanya kazi yao kwa usawa na wengine. Akabaki. Kuanzia mwaka 1977 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilimtumia kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga. Miongoni mwa waliokuwa watoto wakimtazama Uhura alikuwamo msichana wa Chicago aitwaye Mae Jemison. Alisomea udaktari, na tarehe 12 Septemba 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu. Mwaka uliofuata akaonekana katika sehemu moja ya Star Trek ile mpya.

Turudi kwenye chumvi, maana hapo ndipo watu wa Mambrui walipokuwa na neno.

Mnajua Gongoni. Ukitoka Malindi unavuka daraja la Sabaki, unaipita Mambrui mkono wa kulia, na mbele kidogo unaanza kuona vilima vyeupe kando ya barabara. Hiyo ni chumvi. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye mashamba kupitia vijito vya mikoko, hasa wakati wa bamvua, yanahamishwa kutoka bwawa moja hadi jingine huku jua likiyakausha, mpaka yanakuwa mazito na kuganda chini. Kisha watu wanaingia kuikwangua. Baba wa rafiki yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na vidonda vya miguu visivyopona, kwa sababu chumvi hailei kidonda, na jioni alikaa kizingitini akipakwa mafuta ya nazi na mkewe. Kwake yeye dude linalofyonza chumvi ya miili ya watu halikuwa jambo la kuchekesha wala la kutisha. Alisema analijua, na kwamba linalipa mshahara mwisho wa mwezi.

Mwisho wa ile sehemu ni wa huzuni. Dude ni la mwisho wa jamii yake. Chumvi ya sayari yao ilikwisha, wenzake wote wakafa. Linaua kwa njaa. Na Daktari, ambaye bado analiona kwa sura ya mpenzi wake wa zamani, analazimika kulipiga ili kumwokoa nahodha. Likifa linarudi katika sura yake halisi, ya kusikitisha. Ndivyo ilivyo kwenye kanda. Lakini mfasiri wetu, ama kwa kuwa hakusikia kwa ajili ya jenereta, ama kwa kuwa alitujua, alitupa mwisho mwingine. Alisema nahodha Kirk anamlaumu Daktari kwa haraka yake: kwa nini hukuuliza? Kuna mahali duniani panaitwa Gongoni, chumvi imerundikwa njiani mpaka inamwagika, tungempeleka pale akala akashiba na asingemgusa mtu.

Tuliondoka tukibishana njia nzima. Rafiki yangu akasema dude likifika Gongoni litafukuzwa na wenye viwanda. Mwingine akasema litaajiriwa, litavalishwa gambuti. Mimi mpaka leo naona mwisho wa mfasiri ni bora kuliko wa Wamarekani, na nimeitazama sehemu hiyo tena utu uzima, kwa Kiingereza chake na rangi zake.

Kitu kimoja tu niongeze kuhusu chumvi, maana nakipenda. Watengenezaji walipokuwa wanajiandaa kwa sehemu hiyo, walitafuta vichupa vya kunyunyizia chumvi vya ajabu ajabu, vifanane na vya karne zijazo. Walivyovipata vilikuwa vya ajabu mno, wakaogopa mtazamaji hatatambua ni vya chumvi. Wakatumia vya kawaida, na vile vya ajabu wakampa Daktari McCoy viwe vyombo vyake vya upasuaji. Miaka yote 3, Daktari alikuwa anawapasua watu kwa vichupa vya chumvi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nina ugomvi na watu wazima wa enzi zangu.

Wao walituambia mambo ya kwenye banda ni uongo mtupu. Chombo gani kitaruka kitoke duniani? Nendeni mkasome. Na walituambia hivyo huku kaskazini yetu, ukipita Gongoni ufike Ngomeni, ndani ya ghuba ya Ungwana, yamesimama majukwaa mawili ya chuma baharini, kilomita chache kutoka ufukweni, ambako vyombo viliruka na kutoka duniani kweli. Wavuvi wa Ngomeni waliyazunguka kila siku. Bibi yangu aliyaita "mnara wa Wataliani" na hakuona haja ya kueleza zaidi.

Ni mradi wa San Marco. Profesa mmoja wa Kitaliano, mhandisi na mwanajeshi wa anga, Luigi Broglio, alitafuta mahali pa kurushia roketi karibu na ikweta, akapapata kwetu. Jukwaa moja liliitwa San Marco, na hapo ndipo roketi ilipowashwa. La pili, Santa Rita, lilikuwa jukwaa la kutafutia mafuta baharini lililogeuzwa matumizi, na huko ndiko walikokaa waliohesabu sekunde. Tarehe 26 Aprili 1967, miezi 5 kabla Uhura hajafutwa akili, roketi aina ya Scout iliondoka pale na setilaiti ya Kitaliano. Hadi ya mwisho, tarehe 25 Machi 1988, setilaiti 9 zilipelekwa angani kutoka maji ya Ngomeni.

Kwa nini waje kote huku? Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na hapa ikweta ndipo inapokwenda kasi zaidi, kilomita 1,670 hivi kwa saa. Mkirusha jiwe huku mnakimbia linafika mbali kuliko mkirusha mmesimama. Roketi ikiondoka Ngomeni kuelekea mashariki inaanza safari ikiwa tayari inakimbia. Na mashariki yetu ni bahari tupu, kwa hiyo vipande vyake vinavyoachwa njiani havimwangukii mtu. Scout haikuwa roketi kubwa, ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 20 tu, na msaada huo wa bure iliuhitaji.

Ninayotaka kuwaeleza hasa ni ya tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya kujitawala. Watu walikuwa wanaimba na kucheza viwanjani, na baharini Wataliani wakarusha setilaiti ya NASA, ya kwanza ya Marekani kurushwa na watu wa taifa jingine. Msimamizi wa mradi huo alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Kwa kuwa siku iliangukia sikukuu ya wenyeji wake, aliipa setilaiti jina la Uhuru.

Mmeona? Uhura yuko kwenye kanda, Uhuru ilikuwa imepita juu ya vichwa vyetu, na hakuna aliyetuambia habari ya huyu wa pili. Hakuna mwalimu, hakuna mzee, hakuna redio niliyoisikia mimi. Nilikuja kuisoma nikiwa na ndevu.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutazama anga kwa miale ya eksirei, ile inayotumika hospitalini kupiga picha za mifupa. Nyota na vitu vingine angani vinatoa miale hiyo, ila hewa yetu inaizuia isitufikie, na ni bahati yetu, ingetuunguza. Anayetaka kuiona lazima apande juu ya hewa. Kabla ya hapo wanasayansi walikuwa wakirusha roketi ndogo zinazochungulia kwa dakika chache kisha zinaanguka. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Ilijizungusha polepole ikifagia anga yote, na mpaka iliponyamaza mwaka 1973 ilikuwa imewapa wanasayansi orodha ya vyanzo 339 vya miale hiyo. Kiongozi wa wanasayansi hao, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kimoja cha vyanzo hivyo kiliitwa Cygnus X-1. Uhuru iliona miale yake inawaka na kufifia upesi mno, mara kadhaa ndani ya sekunde moja, na kitu kinachobadilika upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa kwa umbo. Wengine wakatafuta mahali penyewe kwa darubini wakakuta nyota kubwa ya buluu inayozungushwa na mwenzake asiyeonekana. Mwenzake huyo ni mzito kuliko jua letu zaidi ya mara 20, lakini amejibana mahali padogo kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kumtoroka. Anavuta hewa ya yule jirani yake, na hewa hiyo kabla ya kutumbukia inazunguka kwa kasi na kupata joto kali, ndipo inapotoa eksirei. Vitu vya namna hiyo vinaitwa mashimo meusi, na hili ndilo la kwanza ambalo wanasayansi walikubaliana kwamba lipo kweli. Waandishi wa Star Trek, kwa ubunifu wao wote, walitupa dude la chumvi. Setilaiti iliyoondoka Ngomeni ilikuta dude linalokula nyota.

Tangu 1988 hakuna roketi iliyoondoka pale. Kituo cha nchi kavu bado kipo, sasa kina jina la Broglio, kinafuatilia setilaiti na kupokea habari zake, na watu wa Ngomeni bado wanauliza wao wanapata nini. Ni swali la haki. Kenya yenyewe imeshakuwa na setilaiti zake: ndogo kabisa iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa mwezi Mei 2018, na Taifa-1 ikarushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California. California, wanangu, ambako ilibidi tungoje zamu yetu.

Na kanda za mjomba? Zilirekodiwa juu yake. Harusi 3 za ukoo wetu, maulidi moja, na mchezo wa mpira. Msicheke, Waingereza walifanya hivyo hivyo. Walikuwa na tamthilia yao ya kusafiri angani, Doctor Who, iliyoanza tarehe 23 Novemba 1963, na BBC ikafuta kanda nyingi za miaka ya mwanzo ili zitumike tena. Baadaye wakawa wanazitafuta dunia nzima, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 9 zimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Sina tumaini kwamba kuna mtu Nigeria ameniwekea usiku ule wa Jumatano, mfasiri na kijiti chake.

Lile dude la Cygnus mnaweza kulitafuta wenyewe, angalau jirani yake. Mwezi wa Septemba, mkishaswali Isha, nendeni ufukweni mwelekee Ngomeni, kaskazini. Inueni macho zaidi kidogo ya nusu ya njia kutoka chini hadi utosini. Mtaona nyota zimejipanga msalaba mrefu. Huyo ndiye Cygnus, ndege wa wanafalaki, na kwetu sisi anaruka kwenda juu, mkia wake wenye nyota kali uko chini na kichwa kimeelekea utosini. Katikati ya shingo yake kuna nyota moja ya wastani, na kando yake kabisa, kwa darubini ya mkono, kuna nyota hafifu ambayo macho matupu hayaioni. Hiyo ndiyo inayoliwa. Darubini wanazo vijana wanaowapeleka wageni kutazama ndege pale mdomoni mwa Sabaki. Waombeni kwa adabu, na mzirudishe siku ile ile.